Kikokotoo cha grafu: kabla ya kutoa pesa, soma kanuni za mtihani

Kila Julai inapofika, napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wazazi wa Moshi na Arusha ambao watoto wao wanaingia shule za kimataifa au wamepata nafasi ya kusoma ng'ambo: orodha ya mahitaji ya shule imetaja kikokotoo cha grafu, yaani kile kinachochora grafu kwenye kioo chake, maduka ya vifaa vya shule hayana, na mzazi anataka kujua aagize kipi. Mara nyingi chapa imeshachaguliwa na mtoto mwenyewe. "Mwalimu, kijana anasema wenzake wote wana TI, tusimwaibishe," aliniandikia mama mmoja, akimaanisha mashine za Texas Instruments, nami nikamjibu kwa swali ambalo huwauliza wote kabla ya jambo lingine lolote: mtoto atafanya mtihani wa baraza gani? Mashine hizi ni ghali, hazipatikani kirahisi huku kwetu, na katika baadhi ya mitihani ni marufuku kuingia nazo. Kwa hiyo kanuni za chumba cha mtihani ndizo zitangulie. Rangi ya kioo, kasi na sifa nyingine zisubiri.

Kwa wanafunzi walio wengi wa mikoa hii miwili jibu ni fupi: usinunue. Mwanafunzi wa mchepuo wenye hisabati, kama PCM, PGM au EGM, anayesoma katika shule kama Ilboru au Old Moshi anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ambao unaruhusu kikokotoo cha kisayansi kisichoandikiwa programu. Kikokotoo cha grafu huandikiwa programu, na mjadala unaishia hapo. Aliyepitia karatasi ya kwanza ya Hisabati ya Juu anafahamu pia kwamba kwa miaka mingi swali la kwanza limekuwa la kupima namna mtahiniwa anavyotumia kikokotoo hicho cha kawaida: anapewa mafungu marefu ya vipeuo, logi na pembe, pengine na takwimu za kutafutia wastani, na anatakiwa ayabonyeze bila kukosea mabano. Alama hizo hupotezwa na vijana wenye akili nzuri tu ambao kikokotoo chao ni cha kuazima.

Pesa ya mzazi huyu ifanye kazi nyingine. Anunue Casio ya familia ya fx-991 iliyo halisi, na kama uwezo unaruhusu aiache fx-991MS, ambayo karibu kila duka inayo, achukue fx-991ES PLUS au fx-991EX, kwa sababu hizi mbili zina sehemu ya jedwali ambayo MS haina. Chukua mlinganyo eˣ = 3x. Mwanafunzi mwenye MS hubonyeza SOLVE, akaanzia sifuri, akapata 0.619, akaandika jibu na kufunga daftari. Mlinganyo huo una majibu mawili. La pili ni 1.512, na SOLVE hailitaji kwa sababu yenyewe hutafuta jibu lililo karibu na mahali ulipoanzia, ikilipata inanyamaza. Mwenye jedwali huiandika eˣ − 3x, akapanda kwa hatua ya 0.25 kutoka 0 hadi 2, na anaona kwa macho yake namba zikitoka chanya, zikawa hasi, kisha zikarudi chanya. Ishara imebadilika mara mbili, kwa hiyo majibu ni mawili. Hii ndiyo kazi kubwa ambayo kikokotoo cha grafu kingemfanyia, na ameifanya kwa kifaa anachoruhusiwa kuingia nacho. Ajihadhari tu na nakala feki, ambazo maandishi ya vitufe vyake huanza kufutika kabla muhula haujaisha.

Kwa wanaosoma mtaala wa Cambridge mambo yanachanganya zaidi, na nimeona shule moja ikitoa orodha ile ile ya mahitaji kwa madarasa yote bila kutenganisha. Hisabati ya A Level ya Cambridge hairuhusu kikokotoo cha grafu. Inataka cha kisayansi. Lakini katika ngazi ya chini yake, IGCSE, lipo somo liitwalo International Mathematics ambalo linakidai kikokotoo cha grafu, huku somo la kawaida la Mathematics la ngazi hiyo hiyo likiwa halikihitaji. Mtoto anaweza basi kukitumia akiwa na miaka 15 na kukatazwa akiwa na miaka 17, katika shule ileile. Na kama shule inafuata baraza la Edexcel badala ya Cambridge, A Level yao inakiruhusu. Jina "A Level" peke yake halikuambii kitu. Uliza baraza, uliza namba ya somo, kisha ufungue silabasi, ambayo hupatikana bure mtandaoni, usome ukurasa unaoeleza vifaa vya mtihani.

Mahali ambapo mashine hii ni ya lazima bila ubishi ni katika Diploma ya IB (International Baccalaureate), ambayo huku kwetu watu wameizoea kupitia UWC East Africa, ile iliyokuwa International School Moshi tangu 1969, yenye kampasi Moshi na Arusha. IB ina masomo mawili ya hisabati. Lile liitwalo Analysis and Approaches lina karatasi ya kwanza isiyoruhusu kikokotoo cha aina yoyote, na karatasi zinazofuata zinakidai. Lile la Applications and Interpretation hukidai katika karatasi zote. Mwanafunzi wa somo hili la pili asiyekifahamu vizuri kikokotoo chake yuko katika hali mbaya kuliko asiyejua kanuni kwa kichwa, kwa kuwa maswali yametungwa kwa kudhani kwamba mashine itatafuta makutano, itafanya vipimo vya takwimu na itatatua milinganyo ambayo kwa mkono haitatuliki. Mashine lazima pia iwe na hali ya mtihani, yaani mpangilio unaofunga kumbukumbu na programu zote kwa muda wa mtihani. TI-83 Plus ya zamani, ambayo bado inazunguka katika masoko ya vitu vilivyotumika, haina mpangilio huo.

Hapa kuna mtego ambao umewagharimu watu pesa nyingi, nao unaitwa CAS. Ni uwezo wa mashine kushughulikia herufi kama sisi tunavyozishughulikia kwa kalamu: ukiipa x² − 5x + 6 inakurudishia (x − 2)(x − 3), na ukiitaka itafute kinyambuo (derivative) cha x³ inakuandikia 3x². Mitihani ya IB hairuhusu uwezo huo, na mtihani wa ACT wa kuingilia vyuo vya Marekani umezitaja waziwazi mashine zenye nao kuwa hazikubaliki, zikiwamo TI-89 na HP Prime. Tatizo ni kwamba TI-Nspire CX II na TI-Nspire CX II CAS zinafanana kama mapacha, na zinatofautishwa hasa na herufi hizo tatu. Ndugu aliye Marekani, kwa nia njema kabisa, akifika dukani akaziona mbili zimekaa pamoja, huchukua ile yenye CAS kwa sababu inaonekana kuwa bora na bei haijapishana sana. Mpigie simu mapema. Mwambie asome herufi hizo, na akiziona aiache hapo hapo.

Kwa wanaokwenda vyuo vya Marekani, TI-84 Plus ina nguvu ambayo haitokani na ubora wake. Casio ndiyo iliyotangulia, kwa fx-7000G ya mwaka 1985, na Texas Instruments ikaja na TI-81 mwaka 1990. Lakini kampuni hii ya pili iliwafuata walimu na waandishi wa vitabu, na mtihani wa AP Calculus, ule wa kalkulasi kwa wanafunzi wa sekondari za huko, ulipoanza kudai kikokotoo cha grafu mwaka 1995, vitabu vingi vya Marekani vilikuwa vikieleza vitufe vya TI. TI-84 Plus ilitoka mwaka 2004 ikiwa na kioo cha nukta 96 kwa 64, nukta chache kuliko za simu nyingi za tochi, na wanafunzi wanaitumia hadi leo. Kinachouzwa humo ni mazoea: mhadhiri akisema bonyeza hiki kisha kile, darasa zima linafuata. Mazoea hayo yana thamani, nami sikatai. Hata hivyo SAT, mtihani mwingine wa kuingilia vyuo vya huko, sasa hufanywa kwenye kompyuta na ndani yake kuna kikokotoo cha grafu cha Desmos, kwa hiyo kwa mtihani huo peke yake hakuna sababu ya kununua chochote. Na baadhi ya wahadhiri wa kalkulasi wa vyuo vya huko hukataza vikokotoo vyote katika mitihani yao. Anayekwenda kusoma uhandisi ajue pia kwamba mtihani wa awali wa usajili wa wahandisi wa Marekani, FE, unakubali vikokotoo vya kisayansi vya aina chache tu, na miongoni mwake imo Casio fx-991 niliyoitaja kwa ajili ya kijana wa PCM. Asubiri afike, ausome mpango wa somo, ndipo anunue.

Vyuo vya nyumbani havihitaji maelezo marefu. Chuo cha Ufundi Arusha au Mwenge pale Moshi, mwanafunzi anahitaji kikokotoo kizuri cha kisayansi, na grafu atazichora kwenye kompyuta kwa programu kama Octave au Python, ambazo ni za bure.

Sasa, kwa yule ambaye kanuni zimemwambia anunue. Chaguo langu kwa IB ni Casio fx-CG50, iliyotoka mwaka 2017, yenye kioo cha rangi cha nukta 384 kwa 216. Menyu zake zimepangwa kwa picha, na mtoto aliyelelewa na fx-991 huzizoea upesi. TI-84 Plus CE ya rangi ni nzuri pia, na naipendekeza pale mwalimu wa darasa anapofundisha kwa TI, kwa sababu mwanafunzi mwenye mashine tofauti na ya mwalimu atakuwa akitafuta vitufe wakati wenzake wameshafika kwenye jibu. Mwenye bajeti ndogo aitazame Casio fx-9750GIII, ambayo kioo chake hakina rangi lakini hesabu zake ni zile zile, na bei yake ni kama nusu tu ya ile ya CE. NumWorks ya Wafaransa, iliyoanza kuuzwa mwaka 2017, ndiyo rahisi kuliko zote kujifunza, na kampuni imeweka programu yake ya simu bure ili ujaribu kila kitu kabla ya kununua. Kwa maoni yangu ingekuwa ya kwanza kama ingepatikana huku kirahisi. TI-Nspire CX II isiyo na CAS ina uwezo mkubwa, lakini ina nyaraka, kurasa na mafaili kama kompyuta ndogo, na nimeona wanafunzi wakipoteza dakika za mtihani wakitafuta ukurasa waliouacha.

Chochote utakachonunua, mashine ya grafu hudanganya asiyejua inavyochora, na hili ningependa kila mwanafunzi alione kabla ya kuanza kuiamini. Mashine haijui mchirizi wa grafu. Inachofanya ni kuchukua kila safu ya nukta za kioo, kukokotoa y ya safu hiyo, kisha kuunganisha nukta iliyopatikana na ile ya jirani yake. Iambie TI-84 Plus ya zamani ichore y = 1/(x − 2) katika dirisha la kawaida la −10 hadi 10. Hatua kutoka safu hadi safu ni karibu 0.213, kwa hiyo haikanyagi kabisa pale x = 2; inakanyaga 1.915, ambapo y ni −11.75, na kisha 2.128, ambapo y ni karibu 7.8. Inaziunganisha mbili hizo bila kujiuliza, na kwenye kioo unatokea mstari wa kusimama ambao haupo katika hisabati. Mwanafunzi huunakili kwenye karatasi yake kama sehemu ya grafu. Wengine hudhani mashine imewachorea asimptoti, yaani mstari ambao grafu huukaribia bila kuugusa, kwa hisani yake, nao wanakosea vilevile.

Dirisha lenyewe ni chanzo cha pili cha makosa. Mpe mwanafunzi y = x³ − 144x, na katika dirisha hilo hilo la kawaida ataona kitu kama ukuta mwembamba uliosimama katikati ya kioo. Grafu halisi inakata mhimili wa x mara tatu, kwenye −12, 0 na 12, na inapanda hadi karibu 665 kabla ya kugeuka. Ukiacha ile sifuri ya katikati, yote hayo yako nje ya kioo. Asiyeweza kukadiria kwa kichwa kwamba mizizi iko kwenye ±12 hatajua apanue dirisha kwenda wapi, na hapo ndipo mashine ya bei kubwa inapokosa msaada wowote. Kisha kuna digrii na radiani. Ukichora y = sin x mashine ikiwa kwenye digrii, dirisha la −10 hadi 10 litakuonyesha mstari uliolala juu ya mhimili, kwa kuwa sine ya digrii 10 ni 0.17 tu. Wanafunzi wangu wakiniletea mashine wakidai imeharibika, kitu cha kwanza ninachotazama ni mpangilio huo, na mara nyingi sihitaji kutazama cha pili.

Mambo ya umeme yanastahili kufikiriwa kwa mazingira yetu. TI-84 Plus CE na NumWorks zina betri ya kuchaji, na umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani mtu huanza kuhangaika na pawabenki. fx-CG50 na fx-9750GIII hutumia betri nne ndogo, zile za rimoti, ambazo kila kioski kuanzia soko la Kilombero la Arusha hadi stendi ya Moshi kinauza. Naipenda njia hii ya pili, kwa sharti moja: usinunue zile za bei ya chini kabisa, na ukifunga shule zitoe. Betri duni huvuja, na ule unga mweupe wenye kijani unaoganda kwenye springi hula shaba hadi mguso unapotea. Fundi mzuri anaweza kusugua kwa siki na kuirejesha, lakini si kila mara. Kebo nayo isipotee. TI na Casio hizi hutumia kichwa cha mini-USB cha kamera za zamani, ambacho hakiingiliani na chaja ya simu yoyote ya siku hizi.

Kwa anayetaka tu kujifunza nyumbani, simu inatosha. Programu za GeoGebra na Desmos ni za bure, huendelea kuchora hata bando likiisha, na zinachora vizuri kuliko mashine yoyote niliyoitaja hapa. Hazitaingia katika chumba cha NECTA wala, zikiwa kwenye simu, katika chumba kingine chochote cha mtihani, lakini mwanafunzi wa kidato cha tano anayetaka kuelewa kwa nini y = (x − 3)² + 1 imehamia pale ilipo ataelewa kwa kusukuma kitelezi kwa kidole haraka kuliko kwa kunisikiliza mimi.

Mwisho ni ununuzi wenyewe. Wengi huagiza kupitia jamaa aliye Nairobi au anayerudi kutoka nje, na wengine hununua iliyotumika. Sioni ubaya wa iliyotumika, mradi uishike kabla ya kulipa. Nenda na betri zako mpya. Kwa TI-84 Plus, bonyeza 2nd, kisha alama ya kujumlisha, halafu 7, 1 na 2. Hapo kumbukumbu ya kazi (RAM) inafutika, ingawa yale mwenye mali wa zamani aliyoyaweka kwenye Archive hubaki. Bonyeza 2nd kisha shikilia mshale wa juu hadi kioo kiwe cheusi chote: mstari wowote mweupe unaobaki ni nukta zilizokufa, na hazifufuki. Bonyeza kila kitufe, hasa ENTER na vishale, ambavyo huchoka kwanza, kisha chora y = x² na utazame kama mkono wa kushoto na wa kulia vinalingana. Wanaomaliza IB hufanya mitihani yao Mei, na ifikapo Juni wengi wao wanatafuta wa kuwauzia kabla hawajasafiri. Mzazi wa anayeingia Agosti akiulizia shuleni wakati huo hupata fx-CG50 au CE iliyo katika hali nzuri, ikiwa na kebo yake, kutoka kwa mtu anayeweza kumwonyesha mwanawe namna ya kuitumia.